Yumo, Yuko, Kuna: Kiswahili na Hoja za Kuthibitisha Kuwapo kwa Mungu

Miongoni mwa maswali waliyoulizana wanadamu tangu kale, ni machache yaliyochosha akili nyingi kama hili: je, kuwapo kwa Mungu kwaweza kuthibitishwa, ama kwa mantiki ama kwa tajriba? Wako waliosema ndiyo, wako waliosema la, na wako waliosema kwamba swali lenyewe halijaulizwa sawasawa. Makala haya hayakusudii kuamua baina ya waumini na wasioamini. Madhumuni yake ni madogo zaidi, nayo yanalihusu jarida la lugha: kutazama linalotokea hoja hizo mashuhuri zinaposemwa kwa Kiswahili, na kupima dai la wanafalsafa wawili wa Kiafrika ambalo, likikubaliwa, lingetufanya tuseme kwamba lugha kama yetu haina hata nafasi ya kuzisema.

Lililonitia katika kazi hii lilikuwa jambo dogo. Mwanafunzi mmoja aliniletea tafsiri yake ya hoja ya Anselm. Mwanzoni aliandika kwamba Mungu "yumo" akilini. Mwishoni aliandika kwamba Mungu "yuko". Nikamwuliza ile -mo imekwenda wapi, na hii -ko imetoka wapi. Akanijibu kwamba Kilatini kina kitenzi kimoja tu mwanzo na mwisho, naye ilimbidi achague. Jibu lake lilikuwa la kweli. Lakini nilipokwisha kulitafakari niliona kwamba hakuchagua maneno tu. Alikuwa amevuka mto bila ya kutuonyesha daraja, na Kiswahili ndicho kilichomfichua.

I. Dai la Kagame na Wiredu

Alexis Kagame, padre na mwanachuoni wa Rwanda (1912-1981), alichapisha huko Brussels mwaka 1956 kitabu chake kikubwa juu ya falsafa ya Kinyarwanda ya kuwa. Katika maandishi yake ya baadaye alieleza kwamba katika nchi za Kibantu kitenzi cha "kuwa" hakisimami peke yake. Hapana budi kifuatwe na sifa au na mahali. Mtu husema kwamba yeye ni mrefu, au kwamba yuko nyumbani. Hasemi "mimi ni" kisha akanyamaza. Kwa sababu hiyo neno mashuhuri la Descartes, kwamba kwa kuwa anafikiri basi yeye yuko, humwacha msikilizaji wa Kibantu akingojea: uko wapi, au u nani?

Kwasi Wiredu wa Ghana (1931-2022) alilichukua wazo hili na kulifikisha mbali zaidi, hasa katika kitabu chake cha mwaka 1996. Alisema kwamba katika Kiakan, lugha aliyozaliwa nayo, kuwapo maana yake ni kuwa hapo, mahali fulani. Basi kusema kwamba pana kitu kilichopo ambacho hakipo mahali popote ni kusema maneno yanayojipinga. Kwa maoni yake, Mungu wa wanafalsafa wa kanisa, aliye nje ya mahali na wakati na aliyeumba vyote pasipo kitu, hawezi kusemwa kwa Kiakan bila ya maana kuvunjika. Mkuu wa vyote anayetambuliwa na Waakan, asema Wiredu, ni kama fundi wa ulimwengu, na si muumbaji aliyeanza na utupu.

Dai hili si dogo. Likiwa la kweli kwa Kiakan na Kinyarwanda, nasi Waswahili hatuna pa kukimbilia, maana sarufi yetu katika jambo hili ni ndugu ya Kinyarwanda. Itakuwa kwamba mwalimu wa tauhidi, mhubiri wa kanisani, na mtu anayewakana wote wawili wamekuwa wakibishana kwa maneno matupu kila walipobishana kwa Kiswahili. Kwa hiyo hatuna budi kulipima kabla ya kuendelea.

II. Mahali katika sarufi

Ni kweli kwamba Kiswahili hakina "ni" isimamayo peke yake kwa maana ya kuwapo. Ni kweli pia kwamba maneno yetu ya kuwapo yamejengwa juu ya viambishi vya mahali. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliyapanga kama tunavyoyafundisha mpaka leo: -po ni mahali dhahiri, -ko ni mahali pasipo dhahiri, -mo ni ndani. Wafasiri wa Biblia ya mwaka 1952 walipofika Kutoka sura ya 3, aya ya 14, pale Mungu anapojitaja kwa Musa kwa kitenzi cha kuwa, hawakuweza kutumia "ni" tupu. Walitumia umbo la -ko. Bila shaka hawakuwa na nia ya kusema kwamba Mungu ana anwani. Lakini lugha haikuwapa mlango mwingine.

Je, hayo yatosha kuthibitisha dai la Wiredu? Sidhani. Viambishi vya mahali katika Kiswahili vimekwisha kutoka katika uwanja wa mahali zamani sana. Tunasema "hapo kale", na hatukusudii pahali bali wakati. Tunasema "alipofika", na -po- ile ni ya saa wala si ya kiwanja. Tunasema "hapo ndipo hoja yake ilipokosea", na hoja haina ardhi ya kukosea. Tunasema "kuna sababu", "hapana haki", "7 iko kati ya 6 na 8". Mtu akituambia kwamba iko sababu ya ugomvi ule, nasi tukamwuliza iko mtaa gani, atajua kwamba tunafanya mzaha. Hajajipinga, sisi ndio tuliojifanya hatukielewi Kiswahili.

Zaidi ya hayo, mahali si alama ya lugha za Kiafrika peke yake. Waingereza wakitaka kusema kwamba pana kitu, huanza kwa neno lao la "pale". Wafaransa huweka neno dogo la "hapo" ndani ya usemi wao wa kuwapo. Wajerumani wana neno Dasein, na sehemu yake ya kwanza ni "hapo". Waarabu hawakutumia mahali, bali kupata: wujud ni mlango mmoja na kitenzi cha kupata au kukuta, na kilichopo kwao, kwa asili ya neno, ni kilichopatikana. Kama asili ya neno ingekuwa sheria juu ya maana yake, wanatauhidi wa Kiarabu wasingeweza kunena juu ya Mungu asiyeonekana wala kukutwa; nao wamenena juu yake kwa karne nyingi.

Basi sarufi hutuonyesha njia walikopita wazee wetu walipotafuta maneno. Haitukatazi kupita kwingine. Katika neno hili naona Kagame alitazama vizuri, na Wiredu akahukumu kwa haraka. Hata hivyo tusiutupe utazamaji wa Kagame pamoja na hukumu ya Wiredu. Lugha inayotenga mambo ambayo lugha nyingine huyaweka katika neno moja ina faida kubwa kwa mpimaji wa hoja: humwonyesha mahali ambapo msemaji ameruka.

Tofauti moja zaidi yafaa itajwe kabla hatujaingia katika hoja zenyewe. "Kuna simba porini" na "simba yuko porini" si sentensi moja. Ya kwanza humpa msikilizaji habari ya simba asiyemjua bado. Ya pili humtaja simba ambaye mimi na wewe tumekwisha kumjua, kisha husema yuko wapi. "Kuna" huleta mgeni. "Yuko" humweleza mwenyeji. Sasa tuzishike sauti hizi tatu, yumo, yuko na kuna, tuingie nazo katika hoja.

III. Kutoka ndani kwenda nje

Anselm, mtawa wa Bec ambaye baadaye alikuwa askofu mkuu wa Canterbury, aliandika kitabu chake Proslogion katika miaka ya 1077 na 1078. Alianza na mpumbavu wa Zaburi, yule anayemkana Mungu moyoni mwake. Hata mpumbavu huyo, asema Anselm, anaelewa tunaposema juu ya kitu ambacho hakiwezi kuwazwa kingine kikubwa kuliko hicho. Basi kitu hicho kimo akilini mwake. Lakini kilichoko akilini na nje ni kikubwa kuliko kilichomo akilini tu. Kama kingekuwamo akilini tu, tungeweza kuwaza kingine kikubwa kuliko hicho, nasi tumekwisha kusema kwamba haiwezekani. Kwa hiyo kitu hicho kiko pia kwa hakika, nje ya akili.

Msomaji wa Kiswahili asiangalie -mo na -ko tu. Aangalie pia upatanisho ulio mwanzo wa neno. Kitu gani hasa kimo akilini mwa mpumbavu? Nikifikiri juu ya mlima, mlima haumo kichwani mwangu, ungenivunja. Kilichomo ni dhana ya mlima. Basi tuseme kwa upatanisho ulio sahihi: dhana ya kitu kile imo akilini; kitu chenyewe, kama kipo, kiko. Sentensi ya kwanza ina i-, ya pili ina ki-, na tukisema juu ya Mungu ina yu-. Kiima kimebadilika katikati ya njia. Anayesema kwamba kilichoko ni kikubwa kuliko kilichomo analinganisha dhana na kitu, wala si kitu kikubwa na kitu kidogo. Katika Kilatini badiliko hilo laweza kupita kimya. Katika Kiswahili lazima mtu aidha akosee upatanisho, aidha akiri kwamba amebadilisha kiima.

Simdai msomaji aamini kwamba Kiswahili ndicho cha kwanza kuliona kosa hili. Gaunilo, mtawa wa Marmoutier, alimjibu Anselm wakati ule ule kwa mfano wa kisiwa kizuri kupita visiwa vyote, ambacho kwa hoja hiyo hiyo kingelazimika kuwapo baharini. Thomas Aquinas naye, pamoja na imani yake yote, alikataa kwamba kuwapo kwa Mungu ni jambo lililo wazi kwetu kwa sababu tu ya kulielewa jina lake. Kant, mwaka 1781, alisema kwamba kuwapo si sifa halisi inayoongezwa juu ya dhana, akatoa mfano wa thaler 100. Kwa hesabu, 100 za kuwaza ni sawa na 100 za mfukoni. Tofauti haimo katika dhana, imo katika mfuko.

Lakini yafaa tukumbuke kwamba jambo hili halikungoja Ulaya ya Kant. Katika mafundisho ya tauhidi ya Kiash'ari, ambayo wanafunzi wengi wa pwani yetu wameyapokea, mtoto hufundishwa sifa 20 za lazima za Mwenyezi Mungu, na ya kwanza yake ni kuwapo. Walakini wanavyuoni wa madhehebu hiyo hiyo walitambua tatizo. Al-Ash'ari alishika kwamba kuwapo kwa kitu ni kitu chenyewe, wala si jambo lililozidi juu yake. Na as-Sanusi wa Tlemcen, ambaye kijitabu chake cha itikadi cha karne ya 15 kilienea sana Afrika, alieleza kwamba kwa rai hiyo kukuhesabu kuwapo pamoja na sifa ni kusema kwa ulegevu wa maneno tu. Kama kuwapo si sifa, hakuwezi kuchotwa kutoka katika orodha ya sifa za ukamilifu. Mwalimu aliyelifundisha hilo barazani alikuwa na jibu la Anselm mkononi, hata kama jina la Anselm hakulisikia.

IV. Kutoka "kuna" kwenda "yuko"

Hoja za namna ya pili hazianzi akilini, zinaanza duniani. Thomas Aquinas alizipanga katika njia tano, katika kitabu alichokianza mwaka 1265 na ambacho hakukimaliza mpaka alipofariki mwaka 1274. Vitu huenda kwa kusukumwa, visukumavyo navyo husukumwa. Mnyororo hauwezi kurudi nyuma bila mwisho. Basi kuna kisukumacho cha kwanza kisichosukumwa. Wanakalamu wa Kiislamu, na Ghazali miongoni mwao, walikuwa na njia yao: kila kilichoanza kina chenye kukianzisha, ulimwengu ulianza, basi una mwanzilishi.

Hoja hizi ni nzito kuliko ile ya Anselm, nami sizidharau. Lakini tuzisikilize kwa Kiswahili. Hata tukikubali kila hatua, mwisho wa hoja ni "kuna": kuna kisababishi cha kwanza. Ni mgeni aliyeletwa kwetu, hatujui jina lake wala tabia yake. Kisha Aquinas huongeza, mwishoni mwa kila njia, kwamba hicho ndicho watu wote wakiitacho Mungu. Hapo "kuna" imegeuka kuwa "yuko", na "ki-" imegeuka kuwa "yu-". Mgeni amekuwa mwenyeji. Aquinas mwenyewe alijua kwamba kazi haijaisha, ndiyo maana aliandika kurasa nyingi baadaye ili aonyeshe kwamba kisababishi hicho ni kimoja, ni chema, na kina ujuzi. Wanaozirudia njia tano barabarani husahau kurasa hizo. Na David Hume, katika mazungumzo yake juu ya dini yaliyochapishwa mwaka 1779, miaka mitatu baada ya kufa kwake, aliuliza swali ambalo halijachakaa: kutoka katika nyumba twaweza kukisia kwamba kulikuwa na mjenzi, lakini je, twajuaje kwamba alikuwa mmoja, au kwamba yu hai bado?

Liko na tatizo jingine ambalo ni letu hasa. Katika mahubiri na mawaidha ya Kiswahili hoja hii huanza mara nyingi kwa kusema: tazama viumbe hivi vyote, je, vimetoka wapi? Jibu huja bila taabu, maana limekwisha kutiwa katika swali. "Kiumbe" ni kilichoumbwa. Aliyekubali neno "kiumbe" amekwisha kukubali "Muumba". Mtu hawezi kuthibitisha kwamba pana baba kwa kuanza na neno "mtoto wake". Anayetaka kuijenga hoja kwa haki na aanze na "vitu vilivyopo", kisha afanye kazi ya kuonyesha kwamba vimeumbwa.

Okot p'Bitek wa Uganda (1931-1982) alisimulia kisa kinachotufundisha hatari hiyo, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya dini za Kiafrika na wataalamu wa Magharibi. Mwaka 1911 mapadre wa Kiitalia waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Lugha ya wazee haikuwa na neno la kuumba kwa maana ya mapadre, kwa hiyo swali likafasiriwa kwa neno la kufinyanga: ni nani aliyewafinyanga? Wazee wakasema hawajui, kwani watu huzaliwa, hawafinyangwi. Walipobanwa, mmoja akakumbuka kwamba mtu akipatwa na maradhi ya uti wa mgongo hupinda kama udongo uliofinyangwa; akataja jina la pepo aletaye ugonjwa huo, Rubanga. Ndivyo jina la pepo wa kibiongo lilivyoingia katika mafundisho kuwa jina la Muumba. Hapa mantiki ya muulizaji haikuwa na kasoro: kila kilichofinyangwa kina mfinyanzi. Kasoro ilikuwa katika neno la kwanza.

V. Kuona na kuonana

Wengine husema: tuache mantiki, Mungu hathibitishwi, Mungu huonwa. Hii ndiyo hoja ya tajriba. William James wa Marekani aliikusanyia shuhuda nyingi katika mihadhara aliyoitoa Edinburgh na kuichapisha mwaka 1902, naye akahukumu kwa uangalifu: hali hizo zina haki ya kumtawala aliyezipata, lakini hazimlazimishi asiyezipata azikubali.

Ghazali alilijua hilo kwa mwili wake. Mwaka 1095 aliuacha ualimu wa Baghdad, ulimi ukiwa umekataa kufundisha. Katika kitabu alichosimulia safari yake hiyo ya nafsi, alisema kwamba alipoishiwa na hoja hata akatilia shaka macho na akili yake, hakuponywa na mpango wa hoja, bali na nuru aliyotiwa kifuani. Akatofautisha kujua maana ya afya na kuwa mzima, kujua maana ya ulevi na kulewa: lililo la pili hupatikana kwa kuonja. Lakini msomaji asisahau ukurasa mwingine wa kitabu hicho hicho. Ghazali asema kwamba anajua 10 ni nyingi kuliko 3, na mtu akigeuza fimbo kuwa nyoka mbele yake ili amthibitishie kinyume chake, atastaajabu juu ya fimbo, wala hatatia shaka juu ya hesabu. Yule aliyeisifu tajriba ndiye aliyejua pia kwamba ajabu si hoja.

Kiswahili kinatusaidia hapa kwa kitenzi "ona", ambacho kina kazi mbili. Twasema "naona baridi", "naona njaa", "naona haya". Twasema pia "naona mtu mlangoni". Katika mafungu ya kwanza, kuona kwenyewe ndiko ushahidi. Anayesema aona baridi hawezi kukosolewa na kipimajoto. Baridi anayoiona ni ile ile anayoiona. Katika fungu la mwisho, kuona hakutoshi: huenda pale mlangoni pana kivuli. Mtu anaposema "nilimwona Mungu usiku ule", swali ni moja: anakuona kwa namna ya baridi, au kwa namna ya mtu? Kama ni kwa namna ya baridi, hatumkatazi, wala hatuna haki ya kumwambia kwamba hakuona. Lakini hapo ametuthibitishia hali ya moyo wake tu. Kama ni kwa namna ya mtu, hana budi kukubali maswali tunayomwuliza kila shahidi. Hoja ya tajriba hupata yakini yake kutoka katika kuona baridi, na matokeo yake kutoka katika kuona mtu. Hayo mawili hayako katika kitenzi kimoja ila kwa sauti.

Wenye tajriba wenyewe watajibu, na jibu lao ni la kusikilizwa, kwamba hawadai kuona tu, wanadai kuonana. Kiambishi hiki cha -na kina uzito, kwani hapana kuonana kwa mtu mmoja. Lakini ndiyo maana hakiwezi kutangulia hoja: aliyesema "tulionana" amekwisha kutuambia kwamba wa pili alikuwako, nalo ndilo lililokuwa likitafutwa.

VI. Pingamizi na hatima

Msomaji aweza kuniambia kwamba nimechagua hoja za kale, na kwamba mpya zimekwisha kuziba pengo. Alvin Plantinga, mwaka 1974, aliijenga upya ile ya Anselm: kama yamkini pako aliye mkuu kabisa, ambaye kuwapo kwake ni kwa lazima, basi yuko. Hatua zake kimantiki zinafuatana. Uzito wote umewekwa juu ya neno moja, "yamkini", na neno hilo kwetu lina sura mbili. Nikisema yamkini mvua itanyesha, nakiri kwamba sijui kizuizi. Nikisema yamkini jambo fulani kwa maana ya Plantinga, nadai kwamba katika ukweli wa mambo hakuna kinachoweza kulizuia. Yamkini ya kutojua hupatikana bure. Yamkini ya pili yataka kulipiwa. Plantinga mwenyewe alikiri kwamba hoja yake haiuthibitishi mwisho wake kwa asiyeukubali mwanzo wake; alidai tu kwamba kuukubali mwanzo huo si kukosa akili. Ni kukiri kwa mtu mkweli.

Wala mkanaji asidhani kwamba nimemfanyia kazi yake. "Hakuna Mungu" nayo ni sentensi ya "kuna", na aitamkaye ana deni lile lile. Anayesema kwamba ametafuta asimwone, amekwisha kuamua kwamba anayetafutwa ni wa kuonwa kama mtu mlangoni. Na anayesema kwamba hoja zote za kuthibitisha zimeanguka, kwa hiyo Mungu hayuko, amevuka mto kwa pale pale alipovukia Anselm, ila yeye amevuka akielekea upande wa pili.

Basi ni nini linalobaki? Kwa wafasiri na waalimu wa falsafa kwa Kiswahili, nadhani yanabaki mambo matatu ya kushika. Kwanza, wasibadilishe yumo, yuko na kuna kana kwamba ni mavazi ya neno moja, na wauchunge upatanisho unapobadilika. Pili, wasitie "viumbe" wala "kuumbwa" katika mwanzo wa hoja ambayo mwisho wake ni Muumba. Tatu, waseme wazi ni kuona gani wanakokusudia. Kufanya hivyo hakuifanyi hoja kuwa mbaya wala njema, kunaifanya ionekane.

Na kwa wengine wetu, ambao swali hili si la darasani tu bali la kitandani pa mgonjwa na kando ya kaburi, linabaki jambo ambalo lugha imelihifadhi bila ya kelele. "Kuthibitisha" ni kukifanya kitu kithibiti, kisitikisike, kwangu na kwa adui yangu sawasawa. "Kuamini" ni wa ukoo mmoja na amana na uaminifu: ni kumwekea mtu kitu chako bila ya kuwa na ufunguo wa sanduku lake. Mtu anayemwamini mwenziwe hasemi kwamba amemthibitisha, wala haoni haya kwa kutokuwa amemthibitisha. Lakini haifai kuichukua yakini ya neno la kwanza na kuivika juu ya la pili, ili asiyeamini aonekane mjinga. Haifai pia kumdai mwenye amana hati ambayo hakusema kwamba anayo.

Yule mwanafunzi alirudi na tafsiri yake baada ya juma moja. Alikuwa ameandika "dhana yake imo akilini" mwanzoni, na "yuko" mwishoni, na katikati ameacha mstari mtupu. Aliniambia kwamba hakujua la kuandika pale. Nilimpa alama nzuri.